Kina kirefu si cha kila mkulima wa mwani

Tiba inayotajwa kwa mwani wa Zanzibar siku hizi ni moja: wakulima wahamie kina kirefu. Kitaalamu haina ubishi. Kotonii, ule mwani wenye bei, haustahimili joto, na bahari ikipwa mchana wa jua kali, maji yanayobaki kwenye fukwe za Paje, Jambiani na Bwejuu hupita nyuzi 30. Mwani hupauka, hulainika, kisha hukatika vipande na kwenda na maji. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia kidogo zaidi, lakini bei yake ni takriban nusu ya kotonii. Huko kwenye kina, maji hayapandi joto kwa kasi hiyo. Basi serikali na wafadhili wanagawa boti za faiba na kamba, na wanafundisha kilimo cha nyavu zinazoelea.

Wanaotetea mpango huu husema pia kwamba joto la bahari halichagui mtu. Ukianza kuuliza nani mwanamke, nani mjane, nani mzee, nani hana hiki na nani hana kile, hutamaliza kuhesabu, na boti zitakaa juani zikipasuka huku kamati inahakiki majina. Mkulima ni mkulima. Siidharau hoja hiyo. Tumeiona miradi iliyokwama kwenye semina za kutambua walengwa hadi fedha ikaisha kwa posho, na mradi unaofika kesho una faida kuliko uliopangika vizuri usiofika.

Ila neno "mkulima" hapa linaficha mengi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wanaume wengi walijaribu, wakaona malipo hayalingani na jasho, wakarudi kwenye uvuvi na baadaye kwenye utalii. Wanawake walibaki, na leo ndio wengi mno miongoni mwa wakulima. Haikuwa bahati. Kazi ilifanyika kwa miguu, wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali: unakwenda na wenzako ukiwa na kanga zako, unafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, moja moja kwenye kamba iliyotandazwa baina ya vigingi, na unarudi kabla maji hayajajaa, watoto na chungu vikikusubiri. Hakuna aliyehitaji chombo, wala kujua kuogelea, wala kuomba ruhusa ya kulala baharini. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha ambayo mume hakuihesabu.

Sasa mwambie mama huyo ahamie kina kirefu. Vijana wa kiume wa pwani hujifunza kuogelea wakicheza. Wasichana wengi hawakuruhusiwa, kwa sababu ya stara na kwa sababu kulikuwa na kazi nyumbani. Chombo ni cha mwanamume, au kinaendeshwa na mwanamume. Kikundi kikipewa boti, anayejua kuiendesha ndiye anayeamua lini iende, nani apande, na mafuta yanunuliwe kwa hesabu ya nani. Mama aliyekuwa na kamba zake mwenyewe anaweza kujikuta amekaa mchangani anafunga taitai za watu kwa ujira. Kwenye ripoti atahesabiwa kuwa mnufaika.

Asiyeweza kwenda huko anabaki na spinosamu, na hapa ndipo hesabu inaponisumbua. Kilo saba hivi za mwani mbichi hutoa kilo moja mkavu. Chukulia mama aliyekuwa akiuza kilo 100 za kotonii mkavu: alitoa majini kilo 700. Ili apate fedha ileile kwa spinosamu, kwa bei ya nusu, anahitaji kilo 200 mkavu, yaani kilo 1,400 mbichi, zinazovutwa kwa gunia linalochuruza maji ya chumvi hadi nchi kavu. Tofauti ya bei tunaisoma kama habari ya soko, kumbe inalipwa na mgongo. Na mgongo wa miaka 25 si wa miaka 60.

Mjane aliye katika eda hali yake ni nyingine tena. Miezi minne na siku kumi ni karibu mavuno matatu, maana mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Wapo masheikhe wanaoruhusu mjane kutoka mchana kwa ajili ya riziki, lakini kijijini macho ya watu nayo yana hukumu yake. Mke mwenye mume hana tatizo hili, mwanamume aliyefiwa na mkewe halijui, na mjane mwenye mshahara mjini huenda akapata likizo. Linamkuta yule aliye mwanamke, mjane, maskini na mkulima wa mwani kwa pamoja.

Mwaka huohuo wa 1989, mwanasheria wa Marekani Kimberlé Crenshaw aliandika kuhusu jambo la namna hii. Alirejea kesi ya wanawake weusi waliopunguzwa kazi na kampuni ya magari ya General Motors. Mahakama iliona kampuni iliajiri wanawake, hivyo ubaguzi wa jinsia haupo. Wanawake hao walioajiriwa walikuwa weupe. Kuhusu rangi, ikakataa kuichanganya na jinsia katika dai moja. Wale waliokuwa weusi na wanawake kwa wakati mmoja wakakosa mlango wa kuingilia. Wanaosema fikra hii, ya kutazama hali za mtu kwa pamoja, ni ya kuletwa waende Jambiani wakamuulize mjane asiyejua kuogelea ni mlango upi wa mradi ulio wake: ule wa "wakulima", wa "wanawake", au wa "kaya maskini".

Hata hivyo sitaki kina kirefu kiachwe. Kotonii haitarudi ufukweni kwa huruma. Nataka utaratibu ugeuzwe. Mafunzo ya kuogelea yatangulie boti, yafundishwe na wanawake, kwa mavazi ya stara; Nungwi wasichana wamekwisha kufundishwa hivyo na hakuna mila iliyovunjika. Unahodha wafundishwe wanawake pia. Wasioweza tena kwenda baharini wapewe nafasi kwenye kukausha, kusaga na kutengeneza sabuni, kwa hisa, si kwa kibarua. Na kwenye zile fukwe ambako mahoteli na wachezaji wa kaiti, wanaoteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara, wanagombea maji haya haya machache, mipaka ya mashamba ya mwani ichorwe kwenye ramani rasmi sasa, kabla uhamaji wa kwenda kina kirefu haujatumiwa kuwa ushahidi kwamba ufukwe hauna mwenyewe.