Kukata Matawi Si Kupogoa

Kila nikipita karibu na mti uliokatwa kichwa, shina limebaki na visiki tu, roho huniuma. Mwenye mti atakwambia ameupogoa. Hapana, ameujeruhi.

Kupogoa kuna sababu, na sababu ijulikane kabla ya chombo kushikwa. Tawi limekauka, lina ugonjwa, linasuguana na jingine au limelalia paa: hilo liondoke. Mengine yaachwe, maana majani ndiyo yanayoutengenezea mti chakula. Mti ukinyang'anywa majani mengi kwa mkupuo, hutoa machipukizi chungu nzima yanayokimbilia juu. Machipukizi hayo hushika juujuu tu, na yakinenepa, upepo huyabandua. Kwa hiyo aliyekata kichwa akiogopa mti usimwangukie, amejipandia hatari nyingine.

Sasa tazama pale tawi linapotokea kwenye shina. Utaona uvimbe, gome limejikunja kama kola ya shati. Hapo ndipo penye kinga ya mti. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, wala usiuguse. Kwa miaka mingi mafundi walifundishwa kukata bapa na shina, pabaki laini. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti kwa msumeno wa injini na kuufuatilia uozo ndani yake hadi kwenye majeraha ya namna hiyo. Alionyesha kwamba mti haufufui sehemu iliyokufa. Huizungushia ukuta, kisha ukaendelea kukua juu yake. Kisiki kirefu nacho ni kibaya, kwa sababu kidonda hakifungiki na kuvu hupata pa kuingilia. Rangi na lami zinazopakwa kwenye kidonda kwa kawaida hazizuii kuoza, mimi sizipaki.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Anza chini yake, mbali kidogo na shina, usifike katikati. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, upande wa ncha ya tawi, mpaka lianguke. Mwisho ondoa kipande kilichobaki, pale nje ya uvimbe. Ukilikata mara moja tu kutoka juu, litaanguka kabla halijakatika lote, lichune gome la shina kuelekea chini.

Ndiyo maana sikubali panga kwa kazi hii, hata likiwa kali vipi. Panga hupasua nyuzi za mti, na mkono ukiteleza kidogo tu, uvimbe ule umekwenda. Tumia msumeno wa mkono wenye meno makali, na ukitoka kwenye mti mgonjwa, ufute kwa spiriti kabla ya kugusa mwingine.