Kamera za Wastani wa Mwendo Zina Haki Kuliko Tochi

Dereva aliyezoea tochi ya trafiki hujifunza mapema kwamba kinachoadhibiwa ni ile sekunde moja ya kupita mbele ya askari, kwa hiyo hukanyaga breki anapowashiwa taa na gari linalotoka mbele, kisha hukanyaga mafuta mara tu anapomwacha askari nyuma. Kamera za wastani wa mwendo, ambazo Uingereza imezitumia kwa zaidi ya miaka 20, zimeiondolea tabia hiyo faida yake, nami naziunga mkono bila kusita.

Kamera ya kwanza husoma namba za gari na kurekodi muda lilipopita, na ya pili, iliyofungwa maili kadhaa mbele, hufanya vivyo hivyo, usiku zikisaidiwa na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Kwa kuwa umbali kati yake umekwisha kupimwa, kompyuta haina kazi nyingine zaidi ya kuugawa kwa muda. Katika barabara yenye ukomo wa maili 60 kwa saa, anayefuata sheria hawezi kumaliza maili 10 chini ya dakika 10; aliyetumia dakika 8 amekwenda kwa wastani wa maili 75, wala hawezi kudai kwamba kamera ilimvizia, kwa sababu wastani hauwezi kuvuka ukomo bila gari lenyewe kuuvuka mahali fulani. Aliyeongeza mwendo kwa sekunde chache ili alipite lori, kisha akarudi kwenye mwendo wake, kisheria amekosa pia, lakini wastani wake hautamponza. Hapo ndipo ninapoiona haki, kwa kuwa anayebanwa ni yule aliyekimbia kwa makusudi na kwa muda mrefu.

Mfano ninaoupenda ni barabara ya A9 huko Scotland, kati ya Dunblane na Inverness, ambako kamera hizi zilianza kazi Oktoba 2014. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ina njia moja kila upande, na magari madogo yalikuwa yakijipanga nyuma ya malori hadi madereva wakakosa subira na kujitosa kupita mahali pa hatari. Walikuwapo waliozipinga kamera kwa nguvu. Jambo la busara lililofanyika ni kwamba zilipofungwa, malori makubwa katika sehemu za njia moja yaliruhusiwa kwenda maili 50 badala ya 40, hivyo tofauti ya mwendo kati yao na magari madogo ikapungua, na hamu ya kuyapita kwa pupa ikapunguzwa kutoka pande zote mbili.

Kuhusu faini, mwongozo wa polisi wa England na Wales kwa kawaida huacha nafasi ya asilimia 10 na maili 2 juu ya ukomo, yaani 57 penye 50, ingawa askari hafungwi na mwongozo huo na dereva hapaswi kuugeuza kuwa ukomo mpya. Barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14, naye hupewa siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Adhabu ya kawaida ni pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni, huku dereva mpya anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo akinyang'anywa leseni.

Wanaosema kwamba kamera hizi ni mradi wa kukusanya fedha wanasahau kwamba hazifichwi: zimefungwa juu ya milingoti na vibao huzitangaza mapema. Ninachokidai kwa mamlaka za barabara ni kwamba, katika maeneo ya ujenzi ambako ukomo hushushwa kwa muda, vibao virudiwe mara kwa mara na viondolewe siku ileile kazi inapokwisha.