Tumechoka kuwa wabeba fomu

Mwaka juzi nililipwa siku kumi na mbili kufanya ankete, yaani utafiti wa nyumba kwa nyumba, wa kupima uwezo wa wazee wa kukumbuka katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Mama mmoja muuza unga alinipokea uani, akanipa kiti, yeye akaketi juu ya kidumu. Nikamwonyesha picha tatu za wanyama. Simba alimtambua papo hapo. Kifaru akasitasita, akampata. Kwa ngamia akacheka: "Hii njo nini, mwana yangu? Ngombe ya bazungu?" Sifuri. Kisha nikampa kalamu achore saa. Akaishika kama anashika mwiko, akaizungusha kidogo, akanirudishia. Sifuri tena.

Nilipokuwa nafunga begi akaja mteja. Bila kutazama daftari lolote, mama akamkumbusha kwamba alichukua meka (vipimo) tatu za unga kabla ya Pasaka, akalipa moja, na dada yake bado anadaiwa mbili. Kwenye fishi yangu ya majibu mama huyo alikuwa tayari ni mzee wa kutiliwa shaka kwamba anapoteza kumbukumbu. Nikamtajia jina la yule mnyama, tukaagana.

Kipimo chenyewe kinaitwa MoCA. Kilitungwa Montreal, kikachapishwa mwaka 2005, na kina alama 30. Sina ugomvi nacho: kwa aliyepita shule kinasaidia, na baadaye likatoka toleo la wasiosoma. Kinachonikera ni semina ya siku mbili tuliyopewa kabla ya kuingia mtaani. Tulifundishwa pa kuweka alama ya vema, namna ya kutuma majibu kwa simu kila jioni, hata namna ya kuwasalimia wazee (sisi, tuliolelewa na mabibi hao hao!). Nilipouliza kama kuchora saa ni haki kwa mtu asiyewahi kushika kalamu, niliambiwa protokoli, yaani utaratibu wa utafiti, imeshapitishwa. Basi tukanyamaza, maana posho ilikuwa Ijumaa.

Ndiyo maana nikisikia miradi ya "kuwajengea uwezo" watafiti wa afya ya ubongo katika nchi zetu, huwa nauliza kwanza: uwezo wa kufanya nini? Kukusanya tunajua. Tumekusanya damu, mkojo na majibu tangu enzi za Wabelgiji. Tusichofundishwa ni kuuliza swali letu na kulisimamia hadi mwisho.

Tazama Ibadan, Nigeria. Huko watafiti waliacha kalamu, wakampa mzee njiti za kiberiti apange umbo analoonyeshwa. Njia hiyo ikatumika pia wilaya ya Hai, Tanzania. Kiberiti kila mtu anakishika, asubuhi na jioni. Wazo kama hilo humjia mtu aliyekaa na wazee akaona aibu machoni mwao.

Au tuchukue konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na jina lenyewe ni la Kiyaka: miguu iliyofungwa. Unatokana na muhogo mchungu ulioharakishwa, usiolowekwa siku za kutosha hadi sumu yake ya sianidi itoke, hasa kwa watu wasio na chakula kingine cha kuusindikiza. Désiré Tshala-Katumbay, Mkongomani mwenzetu anayefanya kazi Portland, Marekani, amerudi Kahemba, huko huko Kwango, mara nyingi kuufuatilia. Yeye na wenzake waliwapima pia watoto wanaotembea vizuri, wasio na konzo, wakakuta hata akili zao zimeguswa. Sijui mgeni angepataje hamu ya kumpima mtoto anayecheza mpira bila shida.

Kwa hiyo sisemi watu wasisafiri. Waende, wasome, wapate na baridi kidogo. Lakini wakirudi wanakuta nini? Daktari kijana ninayemfahamu alirudi na shahada nzuri. Sasa asubuhi yuko wodini, mchana anafundisha, usiku analinda zamu ya kliniki binafsi ili nyumbani kuliwe bukari, ugali wetu. Utafiti anaufanya saa ngapi?

Na maswali hapa Katanga hayakosekani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakazi wa Kasulo, Kolwezi, mtaa uliochimbwa madini ya kobalti chini ya nyumba zenyewe, wana kobalti nyingi mwilini, na watoto ndio waliozidi. Mimi nataka kujua watoto hao wanasoma vipi, wanakumbuka nini, wanalala vipi. Swali hilo linahitaji miaka kumi na watu wanaokaa hapa. Kwa hiyo, wafadhili, lipeni mishahara ya watu wawili kwa miaka mitano, pamoja na mtu wa takwimu, badala ya kuwapeleka ishirini kwenye semina ya hoteli. Na waacheni wakatae protokoli.

Wiki tatu baada ya ankete nilipita tena Katuba kununua unga. Mama aliniona tangu kona ya barabara, akapaza sauti mbele ya wateja wake wote: "We wa ngamia, kuya hapa!"