Idjwi na Kitambaa cha Mama

Laptop yenyewe ilikuwa ya mwaka 2011: RAM giga 4, diski giga 500, vitufe viwili havipo na betri inayojikongoja dakika arobaini. Mtu mwenye akili angeipeleka soko la Kadutu ikauzwe vipuri. Mimi nikaamua kuifanya seva, kompyuta inayokaa macho kugawia vifaa vingine mafaili.

Kisa ni mega, yaani bando la intaneti. Anayeishi Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, anajua uchungu wa mega kuisha dakika kumi kabla filamu haijafika mwisho. Nami nilikuwa nimegundua kwamba routa, kile kisanduku cha wifi, haihitaji intaneti ili vifaa vya nyumbani viongee vyenyewe kwa vyenyewe: filamu ikishakaa kwenye diski ya seva, simu inaivuta kwa wifi bila kula mega hata moja. Mashine nikaipa jina Idjwi, kama kile kisiwa chetu. Kimekaa katikati ya ziwa Kivu, hakimtegemei mtu.

Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, niliiweka kwa kutumia kle ya USB (flashi). Kwenye lugha nikachagua Kiingereza, ili nijione fundi. Kwenye kibodi nikabonyeza "endelea" bila kusoma. Sasa, kibodi zetu ni AZERTY, za mpangilio wa Kifaransa. Mashine ikajiandikia QWERTY ya Marekani, ambayo baadhi ya herufi zake zimekaa kwingine. Tuseme nenosiri langu lilikuwa "amani". Nikiwa mbele yake lilikubali, maana kosa lilikuwa lile lile kila nikiandika. Nilipojaribu kuingia kwa SSH, njia ya kuiendesha mashine kwa mbali, kutoka kompyuta nyingine, nikafukuzwa siku mbili nzima. Nenosiri ambalo mashine ililisikia lilikuwa "q;qni". Hiyo ndiyo amani niliyokuwa nayo juma lile.

Lakini nikashinda. Nikaweka Jellyfin, programu ya kurushia filamu nyumbani, nikapakia filamu, katuni, na video ya harusi ya dada yangu. Routa nikaifunga kwenye betri ya sola. Idjwi nikaiweka juu ya kabati la sebuleni, kwa sababu waya wa routa ulifika pale tu. Mama akaiangalia.

"Hii kitu itabaki wazi hivi? Vumbi?"

Nikamjibu kwa majivuno yote ya fundi: "Mama, funika tu. Seva haihitaji kioo."

Maneno yale nimeyajutia.

Nikaanza kuhubiri mtaani. Kwetu umeme ukikatika filamu inaendelea! Seva hailali! Watoto wa majirani wakaanza kuja na simu za mama zao kuangalia katuni.

Siku ya tatu, seva ikapotea. Niko kazini, dada ananitumia ujumbe: haifunguki. Jioni narudi, nafungua laptop, iko macho, taa inawaka, hakuna kosa. Kesho yake, vile vile. Ilikuwa kama wale walinzi wa usiku: ukimmulika tochi anakupigia saluti, ukigeuza mgongo anakoroma.

Nikashuku umeme. Nikashuku waya, nikabadilisha. Nikashuku routa. Nikamshuku jirani mmoja aliyesomea informatiki Bujumbura, ambaye tangu nianze kuhubiri alikuwa ananisalimia kwa kicheko. Nilibadilisha nenosiri la wifi mara tatu, watoto wakalia.

Jumapili ikafika. Baba Mkubwa alikuja kutoka Bagira, na wageni wengine, ili waione ile harusi kwenye televisheni. Mama alikaanga sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu. Video ikaanza vizuri, bibi harusi akaingia, vigelegele. Ikafika pale Baba Mkubwa mwenyewe anapokula mushikaki, na picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, mafuta yanang'aa kidevuni, kwenye inchi arobaini na tatu.

Sebule ikanyamaza. Baba Mkubwa akajitazama. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Nikakimbilia kabati. Juu ya Idjwi palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kile Mama anachokiweka juu ya kila kitu ndani ya nyumba, na juu ya kitambaa sahani ya sambaza. Nikatoa sahani, nikatoa kitambaa, nikafungua kifuniko. Iko macho! Nikairudishia ile sehemu ya mushikaki, Baba Mkubwa akaanza kutafuna. Nikarudi kukaa, jasho linanitoka.

Dakika moja haikuisha, mdomo ukaganda tena. Ule ule.

"Kijana," Baba Mkubwa akasema polepole, "hii mashini inanitafuta nini?"

Ni mtoto wa jirani, wa miaka tisa, aliyekaa chini na sahani yake, aliyeniambia bila hata kuinua kichwa: "Yaya, si ni Mama anaifungaka?"

Wote tukageuka. Mama alikuwa kabatini ananyoosha kona za kitambaa.

Usiku ule nikafungua daftari la matukio la mashine kwa amri ya journalctl. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa: kifuniko kimefungwa, nalala. Kifuniko kimefunguliwa. Kila asubuhi, mara tu baada ya saa ya kufagia, bila kukosa hata siku moja. Laptop ikifungwa hulala, ndivyo ilivyoundwa, na hakuna aliyeiambia kwamba sasa imekuwa seva. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili /etc/systemd/logind.conf: HandleLidSwitch=ignore, yaani kifuniko kikifungwa, usijali. Nikauandika, nikawasha upya, nikafunga kifuniko. Video ikaendelea. Nikamwomba jirani wa Bujumbura msamaha kimoyomoyo, maana kwa mdomo ingebidi nimweleze.

Jumatatu, sawa. Jumanne, sawa, na kitambaa juu. Jumatano saa nne asubuhi, seva ikapotea.

Nikapiga simu nyumbani, sauti inatetemeka. "Mama, umefunga ile mashine?"

"Ilikuwa imefungwa tangu jana. Lakini nimeigusa chini ya kitambaa, iko moto sana. Ilikuwa na homa, mutoto yangu." Akanyamaza kidogo. "Nimeizima, nikachomoa na waya. Acha ipumuzike, mutaangalia kesho."