Siri ya askari na siri ya bei si siri moja

Juzi baada ya isha barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, kulizuka mjadala ambao mpaka saa hii sijaumaliza kichwani. Kijana mmoja alikuwa yuasoma kwa simu kwamba bajeti ya 2025/26 imelitengea jeshi zaidi ya shilingi bilioni 200, akauliza tu kwa uzuri, pesa zote hizi nani azikagua? Ami yangu, ambaye miaka yake ya kazi aliimaliza kwenye meli za jeshi la wanamaji na saa hii yuko na kahawa yake na tasbihi, akamjibu pale pale, "Mwanangu, mambo ya jeshi hayaulizwi njiani." Basi watu wakagawanyika, wengine na ami, wengine na kijana, na mimi nikajikuta niko katikati manake kila upande nauona una haki yake.

Kwanza tuiweke hiyo hesabu mahali pa kuonekana. Mwaka huo huo kaunti zote 47, kwa hospitali zake na chekechea zake na maji yake, zilitengewa bilioni 415 za mgao wa mapato ya kitaifa. Yaani jeshi peke yake ni karibu nusu ya pesa za kaunti zote. Lamu yetu hupata bilioni tatu na kitu kwa mwaka.

Sasa upande wa ami, na nauanza huo manake nchini kuna watu wengi hawauelewi kwa sababu hawaishi huku. Lamu kila mtu mzima ajua neno moja likitoka mahali pabaya laweza kumaliza roho ya mtu. Msafara umetoka saa ngapi, umeshika njia ipi, gari ngapi, hayo hayasemwi. Barabara za kuingia msitu wa Boni mpaka kule Kiunga zimetegwa mabomu mara nyingi, na waliokufa ni askari na raia pamoja. Mwaka jana kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya mtaa jamaa alituma picha ya malori ya jeshi akiwa Mokowe, hakuwa na nia mbaya, alifurahi tu kuyaona, na haikupita dakika mbili watu wakamjia juu: futa, futa hiyo, waeka watoto wa watu hatarini. Akafuta. Hakuna sheria iliyosomwa pale, ni akili ya watu waliopitia shambulio la Mpeketoni Juni 2014, wakazika zaidi ya watu sitini kwa siku mbili tatu, na Januari 2020 wakaamshwa na moshi wa kambi ya Manda Bay pale Wamarekani watatu walipouawa na ndege zikachomwa. Kwa hivyo mtu akisema jeshi lahitaji siri, mimi sina ubishi naye.

Na tena tuseme ukweli kuhusu haraka. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa, Oktoba mosi mama Mfaransa akachukuliwa Manda, hoteli zikaanza kufungwa moja moja, vijana wa boti wakakaa bure gatini, na tarehe 16 Oktoba jeshi likavuka mpaka kuingia Somalia kwa operesheni ya Linda Nchi. Siku zile nani hapa angekubali kungoja wabunge wajadili wiki mbili? Mimi nisingekubali.

Lakini Katiba ya 2010 haikusema haya mambo ni ya rais na majenerali peke yao. Kifungu cha 238 chasema wazi usalama wa taifa uko chini ya Katiba na Bunge. Cha 240 chasema majeshi yakipelekwa nje ya nchi lazima Bunge liidhinishe. Cha 241 chasema jeshi likitumwa ndani ya nchi kutuliza fujo ni mpaka Bunge la Taifa likubali, na likisaidia wakati wa dharura au maafa lipeleke ripoti Bungeni. Kuna kamati ya ulinzi, kuna kamati ya hesabu za umma, kuna Mkaguzi Mkuu. Mlango upo na kufuli liko. Shida ni kwamba mara nyingi Bunge huitwa kufungua mlango na mtu yuko ndani tayari.

Tizama. Linda Nchi imeanza Oktoba 2011, Bunge likaja kupiga kura Desemba, na hapo ilikuwa ni kuwaingiza askari wetu kwenye AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia. Hiyo nimeshasema naielewa. Alafu Novemba 2022, Kongo, Rais Ruto amewapa askari bendera tarehe 2, Bunge likaidhinisha tarehe 9: askari 903, shilingi bilioni 4.4 kwa miezi sita ya kwanza. Pale hakukuwa na mtu anayevamia nyumba yetu usiku ule, wiki moja ingengojewa na hakuna kitu kingeharibika, kwa hivyo ile hoja ya haraka kwangu hapo haisimami. Juni 2024 wakati wa maandamano ya mswada wa fedha, waziri akatangaza kwenye gazeti rasmi tarehe 25 kwamba jeshi laingia mitaani, Bunge likapitisha kesho yake, na kilichokuja kuweka mpaka hakikuwa Bunge, ilikuwa ni mahakama: tarehe 27 Jaji Mugambi, kwa kesi ya chama cha mawakili, alikubali jeshi litoke lakini akaamuru serikali itangaze hasa litafanya nini na kwa masharti gani. Hayo ni maswali ya mbunge. Hakimu kwa nini ndo ayaulize?

Hata hivyo mambo ya kutuma askari watu huyaona, yako kwenye tivi. Palipo na giza zaidi ni kwenye kununua, na hapa ndo namkatalia ami kabisa. Siri ya mahali alipo askari si sawa na siri ya bei. Ile ya kwanza yamlinda askari. Ya pili, mara nyingi, yamlinda aliyeuza na aliyepokea.

Ami mwenyewe aijua hadithi ya KNS Jasiri kuliko mimi. Meli ya jeshi letu, mkataba wa 2003, ikajengwa Uhispania, bei kama shilingi bilioni 4.1. Mkataba wake ukatajwa katika ile mikataba 18 ya usalama iliyofungamana na kashfa ya Anglo Leasing, malipo yakasimamishwa, meli ikakaa Ulaya wakati mabaharia wetu waingoja, na ikafika Mombasa Agosti 2012. Miaka tisa! Wanasema kuuliza maswali kwachelewesha jeshi, na ni kweli maswali yakiulizwa baada ya pesa kutoka huchelewesha sana. Lau yangeulizwa 2003 kabla ya kutia saini, na kamati ya watu wachache ndani ya chumba kilichofungwa, pengine ile meli ingekuwa inashika doria Kiunga mwaka 2011 watu wetu walipokuwa wakibebwa kwa boti usiku. Nilipomwambia hivi ami alinyamaza kidogo, akazungusha kikombe chake, akasema, "Hapo wanibana."

Mfano wa pili waniuma zaidi. Januari 2017 tulijua kwamba Kenya yataka kununua ndege 12 za Air Tractor zilizofungwa silaha, na mafunzo na vifaa vyake, kwa hadi dola milioni 418. Tulijuaje? Hatukuambiwa na Bunge letu. Sheria ya Marekani yalazimisha serikali yao kuliarifu Kongresi mauzo makubwa ya silaha, na tangazo lile huwekwa wazi. Mbunge wao mmoja, Ted Budd wa North Carolina, akataka uchunguzi, akisema bei ni kubwa mno na kuna kampuni ya kwao ambayo ingetengeneza ndege za namna hiyo kwa bei ya chini. Dili mwishowe halikwenda. Sawa, Budd alikuwa na maslahi yake, ile kampuni ni ya jimbo lake, lakini fikiria: mwananchi wa Witu anayelipa kodi kwenye kila kilo ya sukari, bei ya ndege zake aisikia kutoka Washington. Na je, ule utangazaji ulimpa Al-Shabaab nini? Idadi ya ndege na bei. Hakuna njia, hakuna ratiba, hakuna jina la askari.

Wajerumani wao mkataba wowote wa jeshi unaozidi yuro milioni 25 lazima upite kwenye kamati ya bajeti ya Bunge kabla ya kutiwa saini. Hawajakosa jeshi kwa sababu hiyo, ingawa malalamiko ya kwamba ununuzi wao waenda polepole yapo na si ya uongo.

Kwetu sheria ya ununuzi ya 2015 yakubali idara za usalama ziwe na orodha mbili, moja ya vitu vinavyonunuliwa wazi na nyingine ya vitu vya siri. Kwa fikra ni mpango mzuri, bunduki na mitambo ya mawasiliano viende kule, viatu na mchele na saruji vije huku. Wasiwasi wangu ni ile mipaka kuwa kama mchanga wa pwani, yasogea. Miaka hii jeshi limepewa kazi nyingi za kiraia, mwaka 2020 kiwanda cha nyama cha KMC kilihamishiwa Wizara ya Ulinzi, uwanja wa Talanta kule Nairobi umejengwa chini ya usimamizi wa wizara hiyo hiyo. Watu husifu kwamba jeshi lamaliza kazi kwa wakati, na mimi nasifu pia. Lakini uwanja wa mpira hauna siri ya vita, na kila kazi ya kiraia inayohamia huko yaenda na hesabu zake mahali ambapo wabunge wamezoea kusita.

Jambo moja nililifanya mwenyewe. Nilikwenda saiba nikachapisha kurasa za bajeti ya kaunti ya Lamu na kurasa za Wizara ya Ulinzi nikaziweka sambamba mezani. Za kaunti zataja mpaka kisima cha kijiji, choo cha shule, mashine ya boti, na kila kimoja kina bei yake, ndo maana mwakilishi wa wadi akija barazani twaweza kumshika shati. Za ulinzi, programu zenyewe wazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na pesa karibu zote zimekaa kwenye moja. Mbunge akipewa karatasi ile hata awe na nia safi aulize nini? Na ziada yake kuna kifungu cha 223 cha Katiba, serikali yaweza kutumia pesa ambazo hazikupitishwa, mradi hazizidi asilimia kumi ya zilizopitishwa, alafu ije Bungeni ndani ya miezi miwili kuomba baraka.

Haya, na wabunge wenyewe je? Hili ndo swali gumu la upande wa ami na sikupata jibu la kumtosheleza. Alisema, wawapa siri watu ambao leo wako chama hiki kesho kile, kuna wanaotafuta tenda, kuna wasioweza kufunga mdomo hata msibani. Ni kweli. Na wengi hawajui tofauti ya meli ya doria na feri, hawana wataalamu wa kuwasomea mkataba. Lakini dawa ya mbunge dhaifu si kumnyima karatasi. Wawe wachache, wale kiapo, simu zibaki mlangoni, wapewe wakaguzi waliowahi kufanya kazi jeshini, na mwisho wa mwaka ripoti itoke na vitu vitatu tu: tumenunua kwa nani, kwa bei gani, kimefika au hakikufika. Akivujisha ratiba ya askari afungwe, wallahi sitamwonea huruma.

Manake anayeumia kwa hesabu mbovu wa kwanza ni askari mwenyewe. Septemba 2023 helikopta ya jeshi ilianguka usiku huku kwetu Lamu ikiwa kwenye doria, vijana wakafa. Aprili 2024 ikaanguka ile ya Jenerali Ogolla, mkuu wa majeshi. Sisemi ni kwa sababu ya bei ya spea. Nasema mbunge ana haki, tena ni wajibu, kuuliza ndege ina umri gani, nani aihudumia, na mkataba wa huduma una nini ndani.

Na kuna upande wa sera ambao si silaha wala tenda. Tangu operesheni ya Linda Boni 2015, ambayo baadaye ikaitwa Amani Boni, askari wako msituni. Shule za Waaweer, wenyeji wa msitu huo, kina Basuba na Mangai zilifungwa miaka, na walimu walipokosekana askari wa KDF wakashika chaki wakafundisha, madaktari wa jeshi wakatibu watu. Hilo lisisahauliwe. Lakini pia wavuvi wetu walikatazwa bahari ya usiku kwa miaka, na mvuvi asiyevua usiku nusu ya riziki yake imekwenda. Ile amri ilisaidia kiasi gani? Ilipimwa na nani? Mwaka 2024 kamati ya ulinzi ilishuka mpaka Nanyuki ikakaa na wananchi kuwasikiliza kuhusu jeshi la Waingereza wa BATUK. Kumbe yawezekana kamati ikatoka Nairobi. Basi ije na huku, ikae Kizingitini siku moja, Kiunga siku moja, isikilize wavuvi hadharani na makamanda faraghani.

Nilimuuliza ami tulipokuwa twarudi nyumbani, wakija wewe utakwenda? Akasema atakwenda, ila si kwa kikao cha hadhara. Yeye ataomba kile cha faragha, na atawauliza Jasiri ilipokuwa yangoja Uhispania, nani alikuwa ahesabu siku.