Diski ya Sita Imekwama Asilimia 99

Ninaandika haya nikiwa nimeikodolea macho diski ya sita ya DVD ninayoichoma, yaani ninayoiandikia video kwa leza ya kompyuta, ambayo imekwama kwenye asilimia 99 kwa dakika 11 sasa, na ninaomba yeyote aliyemo humu ndani asinisemeshe, asikohoe, wala asipite nyuma ya kiti changu kwa vishindo. Mimi ni mtu mzima na heshima zangu. Nimelea watoto, nimesuluhisha ndoa za watu, nimejaza fomu za kila aina kwa wino mweusi na herufi kubwa bila kukosea hata kisanduku kimoja. Sistahili kudharauliwa na duara la plastiki lenye upana wa sentimita 12.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Shangazi anataka video ya harusi ya binti yake, na Shangazi hana imani na fleshi, kwa kuwa anasema kitu kidogo kiasi hicho hakiwezi kubeba watu wengi kiasi kile. Diski anaweza kuishika, kuigeuzageuza na kuifungia kabatini pamoja na vyeti vyake. Tena deki yake ni ya zamani, haina hata tundu la kuchomekea fleshi. Nikasema kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mashahidi, "Shangazi, hilo ni jambo la nusu saa." Leo ni siku ya nne.

Nilianza kwa kugombana na hesabu. Juu ya boksi la diski imeandikwa gigabaiti 4.7, lakini kompyuta ikiitazama diski hiyo hiyo inasema ni 4.37. Watengenezaji wa diski wanahesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024, na anayeumia katikati yao ni mimi, mwenye faili la 4.5. Nikakata dakika 14 za hotuba ili faili lienee, nikiamini hakuna atakayelalamika, maana ni nani aliyewahi kukaa chini akarudia kutazama hotuba?

Diski ya kwanza iliponzwa na adabu zangu: nilishusha kifuniko cha kompyuta ili vumbi lisiingie ikiwa kazini, nayo ikaelewa kwamba nimeiambia ilale, ikalala na diski ikiwa nusu. Ya pili ilikataliwa kabla hata ya kuanza, kwa maelezo kwamba upimaji wa nguvu za leza umeshindikana. Kumbe leza, kabla ya kuandika chochote, hujipima kwanza kwenye kipande kidogo cha ndani ya diski, kama mtu anayejaribu kalamu pembeni mwa daftari. Kalamu ikigoma hapo, barua haipo. Nikaipuliza lenzi kwa mdomo, jambo ambalo baadaye nilielezwa kwamba huongeza mate juu ya vumbi.

Diski ya tatu ilifika asilimia 100. Nilijipigia makofi. Nikaipeleka kwa Shangazi nikiwa nimevaa shati la kutokea, deki ikaimeza, ikakoroma, ikatafakari, kisha ikaandika kwamba ndani yake hamna diski. Hamna! Shangazi alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipovunja dirisha lake nikiwa na miaka tisa.

Ndipo nikamwita mpwa wangu.

Alikuja jioni, akaniamkia kwa unyenyekevu, akakaa kwenye kiti changu, na kuanzia hapo unyenyekevu ukaisha.

"Mjomba, hili faili ni la aina gani?"

"La harusi."

"Namaanisha, limerekodiwa kwa mfumo gani?"

"Mfumo wa kawaida. Bwana harusi kulia, bibi harusi kushoto."

Akavuta pumzi, akatazama mwenyewe, akakuta ni MP4. Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile ya upole niliyotumia mimi kumfundisha kufunga kamba za viatu, kwamba kuna kuhifadhi faili ndani ya diski na kuna kutengeneza DVD ya video, na kwamba hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Kompyuta inajua lugha nyingi, kwa hiyo itaisoma MP4 bila shida. Deki ya Shangazi ni mzee wa lugha moja: inataka MPEG-2, inataka picha yenye vipimo vya 720 kwa 576, au 720 kwa 480 kule ambako televisheni zina mfumo mwingine, inataka mafaili ya VOB yasiyozidi gigabaiti moja kila moja, na inataka yote yakae ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, kwa jina hilo hilo na si jingine. Nikamuuliza kama inataka na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Hakucheka.

Akaiomba diski. Nilimpa kama mtu anavyotoa chapati mezani, na yeye akaipokea kwa ncha za vidole, kwenye ukingo, akaiinamisha chini ya taa mpaka ule upande wake wa zambarau ukaonyesha pete mbili, moja iliyokoza rangi kuanzia kitovuni na nyingine nyepesi kuelekea pembeni. Hapo palipokoza, akasema, ndipo leza ilipounguza rangi kwa mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 650. Nilikiri moyoni kwamba ni kitu kizuri kukitazama. Kisha akasogeza uso karibu.

"Na hii ni nini, Mjomba?"

"Kidole."

"Cha nani?"

Nilitazama ukutani. Alama yenyewe ilionekana vizuri, na mistari yake yote, kama zile za kwenye kitambulisho.

"Ulikuwa umepaka mafuta?"

Mtu akifika umri wangu hapaswi kuulizwa swali hilo na kijana aliyemnunulia baiskeli. Nikajibu kwamba ngozi yangu ni kavu kwa asili. Akaandika kitu kwenye simu yake. Akaniuliza kama diski zangu ni za kutoa au za kujumlisha, nikamwambia nilinunua diski, sikununua hesabu. Basi ikabidi nijulishwe kwamba DVD yenye kistari (DVD-R) ilitoka mwaka 1997, kwamba mwaka 2002 likaja kundi jingine na DVD yake yenye alama ya kujumlisha (DVD+R), kwa kuwa makampuni makubwa yalishindwa kukaa meza moja, na kwamba deki za zamani kwa kawaida huwa na urafiki zaidi na kistari. Zangu ni za kujumlisha. Bila shaka ni za kujumlisha.

"Na ulichoma kwa kasi gani?"

"Ya mwisho. Nilikuwa na haraka."

Ya mwisho ni 16. Akanipigia hesabu palepale: kasi ya 1 ni takriban megabaiti 1.385 kwa sekunde, kasi ya 4 inajaza diski nzima kwa karibu robo saa, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo leza inavyopata nafasi ndogo ya kutulia, hasa kule pembeni, ambako diski za bei rahisi ndiko zinakokuwa dhaifu zaidi. "Kwa hiyo, Mjomba, uliokoa dakika chache ukapoteza siku tatu."

Hapo nilisimama. Nilikuwa nimekusudia kusema jambo la busara, lakini kilichotoka ni hiki: kama tatizo ni kidole, kwa nini isiseme kidole? Kama tatizo ni kasi, kwa nini isiseme, mzee, punguza mwendo? Mashine inakaa na mtu usiku kucha, feni yake inavuma kama inapaa, inamwonyesha mstari wa kijani ukisogea unywele kwa unywele, halafu mwishoni inamtolea namba ndefu iliyoanza kwa sifuri na eksi, ambayo niliinakili kwenye karatasi kwa mkono unaotetemeka kana kwamba ni namba ya jeneza! Na chini ya namba hiyo kuna kitufe kimoja tu, nacho kimeandikwa Sawa. Si sawa! Hakuna kilicho sawa! Nilitafuta kitufe cha Si Sawa kila kona ya skrini, hakipo, na ujumbe hauondoki mpaka mtu akubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni sawa.

Mpwa wangu alisubiri nimalize. Kisha akasema kwamba, kwa vile video lazima igeuzwe kuwa MPEG-2, programu ingepunguza yenyewe ukubwa wake mpaka saa 2 zienee kwenye diski, na hapakuwa na haja ya kukata chochote.

"Kwani ulikata nini?"

"Hotuba."

"Za nani?"

"Za wazee wazee tu."

"Shangazi yako alizungumza?"

Ilinibidi kulitafuta upya faili kamili, na bahati yangu lilikuwa bado kwenye simu ya bwana harusi, ambaye aliniuliza kwa nini ninalihitaji saa tano usiku.

Diski ya nne, niliyoinunua upya na yenye kistari, ilichomwa vizuri, isipokuwa programu iliniuliza kama ninataka kuifunga, nami nikaona busara ni kuacha mlango wazi. Deki haisomi diski isiyofungwa. Ya tano picha ziliganda bibi harusi akiwa amepanua mdomo, kwa sababu programu ilijirudisha kwenye kasi ya 16 bila kunitaarifu.

Hii ya sita nimeipa kila kitu ilichotaka. Kasi ni 4. Kompyuta imekatazwa kulala. Mikono nimenawa mara mbili. Mpwa wangu anasema kwenye simu kwamba hapo kwenye asilimia 99 ndipo diski inapofungwa, leza inaandika mwisho wa diski ili deki ijue pa kukomea, na kwamba nisiguse kitu chochote. Sijagusa. Hata kuwaza ninawaza taratibu.

Trei imefunguka! Imetoka yenyewe, na kwenye skrini imeandikwa kwamba kazi imekamilika, na chini yake kuna Sawa, ambayo safari hii nimeibonyeza kwa dharau. Diski ina joto kidogo. Sasa Shangazi anataka majina yote mawili na tarehe juu yake, kwa maandishi makubwa, na mpwa wangu amekataza karatasi ya kubandika, kwa kuwa diski huyumba ikizunguka, na amekataza bolpeni pia, ingawa mwenyewe amekiri kwamba kwenye DVD tabaka lenye kumbukumbu limebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, si kama kwenye CD ambako liko juu kabisa chini ya lebo. Anasema nitumie makapeni. Makapeni ilikuwa kwenye droo hii. Jumanne niliiona kwa macho yangu, nyeusi, na kifuniko chake. Kifuniko kipo. Nimekuta vifuniko vitatu, na sijui ni nani katika nyumba hii anayehifadhi vifuniko na kutupa kalamu, na siwezi kuipekua droo ya chini kwa sababu mkono mmoja umeshika simu na kidole cha shahada cha mkono wa pili kimevaa diski kama pete, na mezani siwezi kuiweka, kwa kuwa mtu amepafuta kwa kitambaa kibichi, na hakuna anayeitika nikiita, kwa sababu nimewakataza wenyewe wasinisemeshe.