Kufua au Kumimina: Njia Ipi Imfae Sonara wa Vito vya Sanamu?

Sonara anayejitegemea, anayetengeneza vito vyenye umbo la sanamu kwa fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi), ana njia mbili kuu. Anaweza kufua: bati la fedha hukatwa, huumbwa kwa nyundo na kuungwa kwa lehemu. Au anaweza kumimina: kito huchongwa kwa nta, nta huzikwa ndani ya plasta na kuunguzwa hadi iishe, kisha fedha iliyoyeyuka hujaa mahali pake.

Nta ina mvuto wake. Hushika mshipa wa jani na alama ya kisu, na ukikosea unaongeza tone la nta ya moto. Pete nene yenye mikunjo kila upande haifuliki bila kujaa viungo. Tatizo ni uzito. Gramu 1 ya nta huzaa takriban gramu 10.5 za fedha, mbali na ile inayobaki kwenye njia ya kumiminia, yaani mfereji unaopitisha fedha hadi kwenye kito. Chukua hereni ya tufe la milimita 20. Ikimiminwa ikiwa imejaa hufika gramu 43 hivi. Ikiwa wazi ndani, na ukuta wa milimita 1, gramu 12. Ikifuliwa kwa bati la nusu milimita, gramu 6. Hakuna sikio la kubeba zile 43.

Isitoshe, makosa ya kumimina hujitokeza kazi ikiwa imekwisha. Njia ya kumiminia ikiwa nyembamba kuliko sehemu nene ya kito, fedha iliyomo huganda kwanza. Sehemu nene inaponywea haina pa kuvuta fedha nyingine, na vitundu hubaki ndani hadi tupa ivifichue. Njia iungwe penye unene mkubwa kabisa, nayo isipungue unene huo. Plasta ikipashwa kupita nyuzi 730 hivi za Selsiasi hutoa gesi za salfa zinazoharibu uso wa fedha. Vumbi lake lina silika, kwa hiyo usiikoroge kamwe bila barakoa ya kuchuja vumbi.

Kufua nako kuna mitego. Bati hukakamaa kwa kupigwa; lisipopashwa hadi wekundu hafifu, hupasuka kingoni. Lehemu inayoyeyuka kwa joto kubwa zaidi itangulie, la sivyo kiungo cha kwanza kitafunguka ukiunga cha tatu. Tufe lililozibwa lote linaweza kupasuka motoni kwa hewa iliyonaswa: toboa tundu la milimita 1 kabla ya kufunga. Na mtu akitaka jozi 10 zinazofanana, nyundo haishindani na kalibu ya mpira, inayotoa nakala za nta za kumimina.

Hata hivyo, mwenye mtaji mdogo namshauri aanze na bati, hasa kwa hereni na vidani vikubwa. Nta aiwekee pete nene, akamiminiwe kwenye karakana yenye tanuri. Na kabla ya kulipa aulize kama vipande vya njia vilivyokatwa vimehesabiwa kwenye uzito. Kama vimehesabiwa, arudishiwe.